Pipa kuukuu lageuka fremu ya kioo

PIPA la mafuta likishatoboka, wengi huliuza kwa kilo kama chuma chakavu. Mafundi wa Croix-des-Bouquets, mji ulio karibu na Port-au-Prince, nchini Haiti, hulifanya fremu ya kioo cha ukutani yenye nguva, jua, mwezi na nyota.

Ufundi huo ulianza na mhunzi Georges Liautaud (1899-1991), aliyekuwa akifua misalaba ya makaburini. Mwaka 1953 misalaba hiyo ilimvutia DeWitt Peters, Mmarekani aliyeanzisha Centre d'Art, kituo cha sanaa cha Port-au-Prince, mwaka 1944. Akamhimiza Liautaud atengeneze sanaa ya kuuza. Wengine wakajifunza kwake, na kitongoji cha Noailles kikajaa karakana.

Pipa la lita 200 huondolewa mfuniko na kitako, likajazwa majani makavu ya migomba au nyasi na kuchomwa ili mabaki yaungue. Kisha hupasuliwa ubavuni na kunyooshwa kwa nyundo hadi liwe bati la takribani futi tatu kwa sita. Fundi huchora kwa chaki, hukata kwa patasi, husugua kingo zisikate mkono, kisha hupaka vanishi kuzuia kutu. Umeme hauhitajiki.

Nguva huyo ni La Sirène, roho wa bahari katika dini ya Vodou, ambaye kwa desturi huonyeshwa ameshika kioo. Picha hizo za kwao ndizo zinazoitofautisha bidhaa yao na fremu za kiwandani.

Baada ya tetemeko la Januari 2010, maduka ya Macy's ya Marekani yalianza kuuza kazi za mikono za Haiti. Hata hivyo, katika miaka ya 2020 magenge yenye silaha yaliuteka mji huo, na mafundi wengi wakakimbia. Polisi wa Kenya walianza kuwasili Haiti Juni 2024, lakini Novemba mwaka huo mashirika ya ndege ya Marekani yalisitisha safari za Port-au-Prince baada ya ndege kupigwa risasi.

Kwa fundi wa jua kali, somo ni kwamba faida hutoka mkononi kuliko kwenye malighafi. Lakini bila njia salama ya kufika sokoni, fremu nzuri hubaki karakanani.

Tahadhari: pipa lililobeba petroli linaweza kulipuka likikatwa au kuchomwa kabla ya kusafishwa. Lililobeba dawa za mashambani lisichomwe kabisa.