Jiwe la Jangwa la Nubia



Askari aliye lindoni alfajiri, aonapo mbingu imewaka ghafla, hudhani mara moja kwamba adui ameshambulia. Tarehe 7 Oktoba, 2008, anga ya kaskazini mwa Sudan iliwaka hivyo, lakini adui hakuwapo. Kilichopasuka kilikuwa sayari ndogo iitwayo 2008 TC3.

Jina hilo halikubuniwa ovyo. Tarakimu za mwanzo ni mwaka wa kugunduliwa. Herufi T ni nusu ya kwanza ya Oktoba. Na C3 yaonyesha kwamba ilikuwa ya 78 katika orodha ya nusu mwezi huo.

Upana wake ulikuwa mita 4 hivi, na uzito wake tani zipatazo 80. Ilikuwa ikilizunguka jua kwa muda upatao mwaka mmoja na nusu, katika njia inayokatiza njia ya dunia yetu. Tarehe 6 Oktoba mtaalamu Richard Kowalski aliiona kwa darubini huko Arizona, Marekani. Wataalamu wakapiga hesabu, wakatangaza kwamba ingeanguka Sudan katika muda usiozidi saa 20. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa sayari ndogo kutambuliwa kabla ya kuigonga dunia.

Hesabu hazikukosea. Saa 11 na dakika 46 alfajiri iliingia angani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 12 kwa sekunde, ikapasuka kilomita 37 hivi juu ya ardhi, kwa nguvu iliyokadiriwa kuwa sawa na tani elfu moja hadi elfu mbili za baruti. Mitambo iliyoko Kenya, inayonasa mivumo isiyosikika kwa sikio, iliunasa mshindo huo.

Mwezi wa Desemba, Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na Peter Jenniskens waliwaongoza wanafunzi jangwani. Walijipanga mstari kama askari wafanyao msako, wakaokota vipande vyake. Mawe hayo yaliitwa Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kwa jina la kituo cha reli cha huko.

Ndugu wasikilizaji, lau mwako kama huo ungetokea bila onyo juu ya mpaka wenye uhasama, huenda mtu angejibu kwa risasi, na damu ingemwagika bure kwa ajili ya jiwe. Mlinzi hodari huwa tayari daima. Lakini kabla ya kufyatua, hutaka kwanza kujua ni nini alichokiona.