Je, Wajua? Kamioni ya Kwanza Hupita, ya Kumi Huzama

Kwenye sehemu za udongo za barabara ya taifa namba 5 ya Kongo (DRC), inayounganisha Uvira, Baraka na Fizi, mvua ikinyesha kamioni ya kwanza yaweza kupita, ya kumi ikazama mpaka ekseli pale pale. Kila tairi likikandamiza, maji yaliyo kati ya chembe za udongo hukosa muda wa kutoka. Presha yake hupanda, chembe huachana. Mboji ya vinamasini, ambayo maji yake huweza kuzidi mara kadhaa uzito wa udongo wenyewe ukiwa mkavu, huteseka zaidi: magurudumu hukata nyuzi za mimea zinazoishikilia. Udongo ukipumzishwa maji yakatoka, chembe zake hushikamana upya. Vizuizi vya mvua, vinavyosimamisha magari mpaka njia ikauke, huwaudhi madereva, lakini huipa njia pumziko hilo hilo.