Kaa kwanza kwenye benchi ya mgeni: namna tulivyopanga upya biro yetu



Tuseme ukweli: wengi wetu tunamaliza lisansi tukiota biro. Meza kubwa, kiti cha kuzunguka, mlango wenye jina lako. Mimi nilisoma kilimo, kwa hiyo nilijiandaa kwa matope ya bonde la Ruzizi. Lakini siku nilipopokelewa katika kooperative moja ya walimaji wa mpunga hapa Uvira, kazi ya kwanza haikuwa mpunga. Papa Prezida aliniambia: «Wewe ni msomi, tupangie hii biro. Watu wanapiga kelele sana humu.» Akanipa dola 300.

Biro yenyewe ni chumba kimoja cha mita tano kwa saba, mabati juu bila dari. Meza nne, kabati mbili zisizofunga, magunia ya mbegu, na pembeni makopo ya dawa ya wadudu. Nyuma ya dirisha, jenereta.

Nikafanya nini? Nikafungua simu, nikatafuta picha za biro nzuri. Zote zilikuwa nyeupe, wazi, bila ukuta katikati. Nikaamini. Nikatoa kizuizi cha mbao kilichomficha mama mshika-feza, ili watu waonane na washirikiane. Nikanunua rangi nyeupe ya mafuta, ile inayong'aa. Tukapiga picha, watu wakatupongeza. Nilijisikia kama injinia.

Wiki ya pili ilikuja mama mmoja kuuliza hesabu yake. Alikuwa na deni la mbolea. Mama mshika-feza akamsomea kwa sauti, maana jenereta ilikuwa inanguruma na bila sauti kubwa hasikii mtu. Waliokuwa kwenye mstari wote wakasikia, na shemeji yake alikuwa mmoja wao. Yule mama alikunja karatasi, akatoka. Mavuno yalipofika aliuza mpunga wake barabarani, kwa bei ya wachuuzi, chini ya bei yetu. Nilikwenda kwake kumuomba msamaha. Akanijibu kwa upole tu: «Mutoto wangu, kwa ile biro yenu mutu anavuliwa nguo.»

Hilo neno lilinikosesha usingizi. Baadaye nikasoma kwamba hata wakubwa wamelipia kosa kama langu. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Harvard, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walichapisha utafiti juu ya kampuni mbili kubwa zilizotoa kuta katika biro zao. Walitazamia watu waongee zaidi. Kumbe mazungumzo ya uso kwa uso yalishuka kwa karibu 70%, na watu wakazidi kuandikiana barua pepe. Mtu anayetazamwa saa yote anatafuta pa kujificha.

Sasa, sisi wa kilimo tulifundishwa kitu kimoja ambacho mimi nilikisahau mlangoni. Kabla ya kumshauri mulimaji mbolea gani atie, unachimba shimo shambani, unaingia ndani, unatazama udongo tabaka kwa tabaka. Biro yangu niliishauri bila kuchimba shimo. Basi nikaanza upya: asubuhi tatu nilikaa kwenye benchi ya wageni na daftari, bila kufanya kazi nyingine. Sekretere alifikiri nimefukuzwa.

Kutoka kwenye ile benchi mambo yanaonekana tofauti kabisa. Mtu anaingia, meza nne zinamtazama, hajui asalimie nani. Zaidi ya nusu walimuuliza mlinzi: «Naanza wapi?» Wazee walisimama kwa sababu benchi ilijaa. Tangazo la bei lilibandikwa juu sana, kwa herufi ndogo, nyuma ya mlango unaofunguka. Na jua! Uvira, ziwa liko mashariki na milima iko magharibi. Asubuhi jua linapanda kutoka upande wa Burundi, chini-chini, linapita juu ya maji na kuingia moja kwa moja dirishani. Rangi yangu nyeupe inayong'aa ililirudisha machoni. Watu walikuwa wanakunja uso, na mimi nilidhani wana hasira na sisi.

Hapa kwetu karibu na ikweta, jua la kuogopa ni lile la asubuhi na la jioni, linalokuja chini. La saa sita liko juu ya kichwa, paa inalizuia. Ukijenga upya, weka madirisha makubwa upande wa kaskazini na kusini, mabati yakitokeza kidogo yatatosha kuyapa kivuli. Sisi hatukuweza kuhamisha dirisha. Tuligeuza meza, mwanga uingie kwa ubavu, upande wa kushoto kwa anayeandika na mkono wa kuume. Tukatundika mikeka ya matete, inateremshwa asubuhi na kukunjwa jua likishapanda. Ile rangi tuliifunika na nyingine isiyong'aa, kama ya udongo mweupe, na chini mpaka usawa wa kiuno rangi ya kahawia, maana pale ndipo mikono na magunia yanapochafua.

Wazo lililotusaidia kuliko yote nililipata kwa majirani. Kule Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kuna hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011, iliyochorwa na MASS Design Group. Vitanda vimegeuzwa ili mgonjwa atazame dirisha, asitazame mgonjwa mwenzake. Njia za kupitia na mahali pa kungojea viko nje, chini ya paa, ili mwenye kikohozi asiwapulizie wengine katika kolidoo iliyofungwa. Kuta ni za jiwe la volkano, lile lile ambalo ndugu zetu wa Goma wanalikanyaga kila siku. Ni hospitali, ndiyo, lakini swali lake linafaa kwa biro: huyu anayengoja, anaona nini, anavuta hewa gani?

Tukatoa benchi zote nje, barazani. Tukaongeza mabati mita moja ili mvua isiwapige watu. Ndani wanaingia wawili tu kwa zamu. Kelele ambayo Papa Prezida aliilalamikia ilipungua siku ile ile. Watu wetu hawakuwa na kelele, walikuwa wamesongamana, kama mpunga uliopandwa karibu-karibu kila mmoja anamnyima mwenzake mwanga.

Dawa za wadudu tulizipeleka depo, mbali na watu. Ni aibu kwangu kwamba agronomo alifanya kazi miezi miwili karibu na makopo yale, kila saa sita kichwa kinamuuma, na hakujiuliza. Karatasi nazo zilikuwa zinapangwa kwa tarehe. Lakini mulimaji haji na tarehe, anakuja na jina la kijiji chake. Tukapanga dosie kwa vijiji, kila kijiji na rangi yake: Sange, Luberizi, Kiliba, na kadhalika. Zamani kutafuta jina moja kulichukua hata dakika 20; siku hizi mama mshika-feza hasimami hata kitini.

Kizuizi chake tumekirudisha. Ndani yake viti viwili vimewekwa pembeni ya kona ya meza, si uso kwa uso kama polisi. Deni halitamkwi, linaonyeshwa kwa kidole kwenye daftari. Asiyejua kusoma anasomewa polepole, mlango umefungwa, na jenereta inazimwa kwanza. Dari ya tripleksi tumeweka juu ya hiyo kona tu, dola ziliisha. Siku ya mvua kubwa mabati mengine yanapiga kelele, hakuna anayesikilizana, tunaandika tu.

Papa Prezida hakupenda meza yake iende nyuma. «Chefu lazima aonekane,» alisema. Bado anasema.

Yule mama mwenyewe hajarudi. Msimu huu alimtuma binti yake na magunia mawili. Binti alikaa barazani, akaitwa, akaingia kwenye kona, akaonyeshwa hesabu. Kabla ya kutia sahihi akauliza: «Yaya, nyuma ya huu ukuta kunakaa nani?» Nikamwambia hakuna mtu, ni kabati ya dosie. Akaondoka kitini, akaenda kutazama mwenyewe, akarudi, akatia sahihi.