Wakati salama wa kubadilisha gia

KUTOKA Kau, kwenye delta ya Mto Tana, hadi gereji za Malindi si safari fupi. Injini ikivunjika huko, gharama huwa kubwa na abiria hukwama. Kwa hiyo mwenye gari la supachaja au turbo hana budi kujua wakati wa kubadilisha gia.

Supachaja huzungushwa na mkanda wa injini, ilhali turbo huzungushwa na moshi wake. Vyote hushindilia hewa ndani ya silinda. Hewa hiyo hupata joto, na likizidi, petroli hulipuka kabla ya wakati na kuharibu pistoni.

Tuseme nguvu hufikia kilele kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika, na alama nyekundu huanzia 6,500. Dereva wa mashindano abadilishe gia karibu na 6,000. Uwiano wa gia ya kwanza ukiwa 3 na wa pili 2, injini hushuka hadi 4,000, ambako bado ina nguvu.

Hatari kubwa ni kukosea. Aliye katika gia ya pili kwa mizunguko 6,000, akitaka ya tatu lakini akaingiza ya kwanza, huipeleka injini hadi 9,000. Kidhibiti hukata mafuta tu; hakiwezi kuzuia magurudumu kuizungusha injini.

Mashindano hayo yafanyiwe uwanjani, wala si katika barabara ya Garsen hadi Witu, inayotumiwa na wasafiri na wafugaji.