Kicheko katika Sinema ya Kongo, Sehemu ya Pili: Mweze Ngangura na Hoja ya Burudani

Miongoni mwa waongozaji wa filamu waliozaliwa Kongo, yaani wale wanaowaelekeza waigizaji na wapiga picha na kuamua hadithi itaonekanaje machoni pa mtazamaji, hakuna aliyeitetea futuhi kwa maandishi na kwa kazi yake kama Mweze Dieudonné Ngangura. Futuhi ni mchezo unaokusudia kuchekesha na ambao, hata ukipitia masaibu, aghalabu huishia kwenye heri. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi Padri Albert Van Haelst, mmisionari Mbelgiji, alivyowapiga filamu Matamata na Pilipili huko Kasai katika miaka ya 1950, ili Wakongo wacheke na papo hapo wafunzwe adabu zilizopendwa na wakoloni. Katika filamu hizo Mkongo alichekesha mbele ya kamera ilhali mwenye kamera alikuwa mwingine. Ngangura ni wa kizazi kilichoishika kamera yenyewe.

Alizaliwa Bukavu mwaka 1950, akasomea kazi ya filamu nchini Ubelgiji katika chuo cha IAD, kisha akarejea katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire na kufundisha katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa mjini Kinshasa. Ulikuwa wakati wa chama kimoja, MPR, na kicheko cha hadharani kilipaswa kujua mipaka yake. Kabla ya futuhi zake alitengeneza filamu za hali halisi, na mbili kati yake zinastahili kukumbukwa hapa: *Chéri Samba* ya mwaka 1980, inayomhusu mchoraji wa jina hilo, na *Kin Kiesse* ya mwaka 1982, ambayo jina lake limetokana na neno la Kikongo lenye maana ya furaha na ambayo inauonyesha mji wa Kinshasa kwa utamu na uchungu wake. Chéri Samba huandika maneno juu ya turubai lake ili mpita njia asimame asome, na mara nyingi hujichora mwenyewe akiwa katika hali ya kuchekesha. Msomaji wa Lubumbashi anayezikumbuka picha za Tshibumba Kanda Matulu hatashangazwa na sanaa ya namna hii, inayomfuata mtu mtaani badala ya kumngoja ndani ya jumba la makumbusho. Si vigumu kudhani kwamba Ngangura alijifunza mengi kwa Chéri Samba.

Filamu iliyomjulisha kwa umma ni *La Vie est belle*, yaani "Maisha ni Matamu", ya mwaka 1987, aliyoiongoza pamoja na Benoît Lamy, Mbelgiji aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa futuhi yake juu ya wazee walioasi katika nyumba ya kulelea wazee. Mhusika mkuu, Kourou, ambaye anaigizwa na mwanamuziki Papa Wemba, ni maskini wa kijijini anayekwenda Kinshasa akiwa na hamu ya kupiga muziki wa ala za umeme, lakini riziki anayoipata ni ya uboyi katika nyumba ya tajiri aitwaye Nvouandou, mwenye klabu ya usiku. Kourou anampenda msichana aitwaye Kabibi, jina ambalo masikio ya watu wa mashariki yanalitambua mara moja. Tajiri naye ana ugonjwa asioweza kuutangaza, kwani amepungukiwa nguvu za kiume, na mganga anamshauri aoe bikira kisha asimguse kwa muda aliowekewa. Bikira anayemchagua ni Kabibi huyo huyo. Basi bwana ana mke asiyeruhusiwa kumgusa, mke mkubwa amejaa hasira, na boyi aliye jikoni ndiye mpenzi wa bibi harusi: mtego wa kale kabisa wa futuhi, unaojulikana tangu Roma hadi kwa Molière, lakini umetegwa katika mji ambao kila mtu anaishi kwa "kifungu cha 15", kifungu cha katiba kilichobuniwa na raia wenyewe na kinachomwamuru kila mmoja ajitafutie njia yake.

Wasomi wa filamu hawawezi kuitazama hadithi hii bila kukumbuka *Xala*, filamu ya mwaka 1975 ya Ousmane Sembène wa Senegali, kwa kuwa humo pia mfanyabiashara tajiri anaoa mke mpya na kujikuta hana nguvu za kiume. Ugonjwa ni ule ule, ila tiba zinatofautiana sana. Sembène, aliyeiona sinema kuwa shule ya jioni kwa watu wasiosoma, aliufanya uhanithi huo kuwa hukumu juu ya tabaka zima lililorithi viti vya wakoloni, na tajiri wake anaishia kuvuliwa nguo na kutemewa mate na ombaomba. Nvouandou hatemewi mate. Filamu inakwisha kwa Kourou kupanda jukwaani na kuimba, na Kabibi kuwa wake. Wako wanaouona mwisho huu kuwa mwepesi kupita kiasi kwa nchi iliyokuwa chini ya Mobutu, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo inasahau kwamba mtazamaji wa Kinshasa aliyemwona tajiri akidanganywa na mganga, akikimbizana na wake zake na kuzidiwa akili na boyi wake, hakuhitaji kuelezwa ni wakubwa gani waliokuwa wakichekwa.

Msimamo wake Ngangura aliueleza katika insha iliyouliza iwapo sinema ya Afrika iwe ya mapambano au ya burudani. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba filamu isiyotazamwa na Waafrika wenyewe, hata ikiwa na ujumbe mzito namna gani, haijamkomboa mtu, na kwamba mwongozaji ana wajibu wa kwanza kumvutia mtazamaji aliyetoa pesa yake mlangoni. Katika miaka ambayo wengi waliona burudani kuwa usaliti, kauli hiyo ilihitaji ujasiri.

Kazi yake iliyokomaa zaidi, kwa maoni ya makala haya, ni *Pièces d'identités* ya mwaka 1998, iliyopata mwaka 1999 tuzo kuu ya tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou, iitwayo Farasi wa Yennenga. Mani Kongo, mfalme mzee anayeigizwa na Gérard Essomba wa Kameruni, anasafiri hadi Brussels kumtafuta binti yake Mwana, aliyepelekwa huko akiwa mtoto ili asome, na ambaye maisha yake yamekwenda kombo. Jina la filamu linacheza na maana mbili, kwa sababu kwa Kifaransa *pièces d'identité* ni vitambulisho, karatasi ambazo askari humdai mgeni, ilhali vitambulisho vya mzee huyu ni kofia yake, fimbo yake na mapambo ya ufalme. Mtazamaji anacheka anapomwona akitembea katika barabara za Brussels kwa mavazi hayo, mbele ya watu wasiojua kama wamwamkie au wamkwepe. Kicheko hicho kinamkwama kooni pale fedha zinapomwishia mfalme na alama zake za utawala zinapowekwa rehani. Hapo futuhi inagusa jambo ambalo hotuba nyingi juu ya utamaduni hazijaligusa, nalo ni kwamba urithi wa Kongo umekwisha kupangiwa bei huko Ulaya na wanaouuza mara nyingi ni wenye njaa. Mwaka 2005 Ngangura alitoa *Les Habits neufs du gouverneur*, futuhi ya nyimbo iliyotokana na ngano ya Andersen juu ya mfalme asiye na nguo.

Iko dosari moja ambayo wasomaji wa Lubumbashi wana haki ya kuitaja. Mwana huyu wa Bukavu, mji wa Kiswahili, aliyerudi kuupiga filamu ufalme wa Ngweshe katika *Le Roi, la vache et le bananier* ya mwaka 1994, aliziacha futuhi zake zisemwe zaidi kwa Kifaransa, pamoja na Kilingala. Sababu zake zinaeleweka, kwa kuwa fedha zilitoka Ulaya na Kinshasa ndiyo iliyokuwa na wanamuziki, lakini tokeo lake ni kwamba utani wa Kiswahili cha Kongo, wenye mapito yake na matusi yake ya upole, haukupata nafasi katika filamu zake kubwa. Isitoshe, wakati *Pièces d'identités* ilipokuwa ikishangiliwa Ouagadougou, majumba mengi ya sinema nchini Kongo yalikuwa yamekwisha kugeuzwa makanisa, hivyo hoja ya kumvutia mtazamaji mlangoni ikabaki haina mlango.

Sehemu ya tatu itahusu kikundi cha Mufwankolo, ambacho hapa Lubumbashi kilicheza michezo yake bila mswada ulioandikwa, kwa Kiswahili cha mji huu, na kuwafikia watazamaji kwa njia ya redio na televisheni.