Misimu na shughuli za burudani katika Ziwa Naivasha

Ziwa Naivasha ni ziwa la maji matamu nchini Kenya, katika kaunti ya Nakuru. Liko ndani ya Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita 1,884 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa haliko mbali na Nairobi, hupokea wageni wengi wa mapumziko ya wikendi. Shughuli zake hutegemea upepo, mvua na kimo cha maji.

Safari za mashua

Jina la ziwa limetokana na neno la Kimaasai linalotaja maji yanayochafuka. Asubuhi maji huwa matulivu, lakini alasiri upepo unaweza kuinua mawimbi ghafla. Kwa sababu hiyo asubuhi ndiyo saa nzuri ya kupanda mashua. Manahodha hukaa mbali na viboko, ambao hushinda majini na kutoka usiku kula nyasi. Viboko wamewahi kuua watu, kwa hiyo ni hatari kutembea kando ya ziwa gizani.

Msimu wa ndege

Zaidi ya spishi 350 za ndege zimeonekana hapa. Furukombe yuko mwaka mzima, lakini kuanzia Oktoba hadi Aprili huongezeka ndege wahamiaji wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Mwezi wa Januari ndege wa majini huhesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa, likiwemo hili. Mwaka 1995 ziwa liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhi oevu.

Maua na mbio za magari

Wiki za kabla ya tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, ni za kazi nyingi katika mashamba ya maua yaliyo kandokando ya ziwa. Maua hayo, hasa waridi, husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya.

Mbio za magari za Safari Rally zilianzishwa mwaka 1953. Baada ya 2002 ziliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia, zikarudi mwaka 2021 na kituo chake kikuu kuwa Naivasha. Zilifanyika Juni hadi 2023. Mwaka 2024 zilihamishiwa Machi, karibu na mwanzo wa masika, ambapo mvua moja huweza kugeuza vumbi kuwa matope. Sehemu ya njia hupita eneo la Hell's Gate. Siku za kawaida, wageni wa hifadhi ya taifa yenye jina hilo huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala.

Kimo cha maji

Ziwa hupata maji hasa kutoka mito Malewa na Gilgil. Halina mto unaotoka. Sehemu ya maji hupenya chini ya ardhi, na ndiyo sababu hayana chumvi. Ukame ukidumu, ziwa hurudi nyuma na kuacha ardhi kavu, ambayo watu hulima au kujenga. Mvua zikizidi, maji huirudia ardhi hiyo. Mwaka 2020 yalifurika hadi mtaa wa Kihoto mjini Naivasha, familia zikalazimika kuhama. Gati na hoteli za ufukoni pia zilifunikwa. Kwa hiyo kupima mpaka wa ziwa kwa kimo cha miaka ya ukame peke yake ni kuweka makazi na biashara hatarini.