Zhuang Zedong: Bingwa wa Mpira wa Meza Aliyemsalimu Adui

Mabingwa wa mpira wa meza huja na kupita kama masika. Leo huyu anashangiliwa, kesho jina lake limekwisha sahauliwa hata na vijana wa mtaani kwake. Lakini Zhuang Zedong wa China, aliyezaliwa mwaka 1940 katika mji wa Yangzhou, bado anatajwa, na wala si kwa vikombe vyake peke yake. Anatajwa zaidi kwa dakika chache alizosimama ndani ya basi.

Alianza kucheza angali mwanafunzi mjini Beijing. Kibao alikishika kwa namna ya Kichina, yaani kama mtu anavyoshika kalamu. Wenye kushika hivyo siku zile aghalabu walishambulia kwa upande mmoja tu, na upande wa pili walijilinda. Zhuang alishambulia pande zote mbili, tena kwa kasi iliyowafanya wapinzani wasipate nafasi ya kupumua. Mwaka 1961 mashindano ya dunia yalifanyika Beijing kwa mara ya kwanza, wakati ambapo nchi ilikuwa imebanwa na njaa kali, na kijana huyo wa miaka ishirini akatwaa ubingwa. Akautwaa tena mjini Prague mwaka 1963 na Ljubljana mwaka 1965. Mara zote tatu mpinzani wake katika fainali alikuwa Mchina mwenzake, Li Furong. Ilikuja kuelezwa baadaye kwamba viongozi wa timu walikuwa na desturi ya kumwagiza mchezaji mmoja amwachie mwenzake ushindi. Haidhuru. Kufika fainali tatu mfululizo hakuagizwi na mtu.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1966. Mabingwa walioshangiliwa jana wakaitwa wasaliti, na China haikupeleka timu katika mashindano ya dunia ya 1967 wala ya 1969. Katika mwaka 1968 watu watatu wa mchezo huo walijiua kwa kudhalilishwa, nao ni kocha Fu Qifang, Jiang Yongning, na Rong Guotuan ambaye mwaka 1959 alikuwa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote. Zhuang naye alionja mateso ya siku zile, lakini alinusurika.

Mwaka 1971 serikali iliamua timu irudi uwanjani, safari hii Nagoya, nchini Japani. Wachezaji walikwenda na maagizo kama ya askari waendao mpakani. Miongoni mwa maagizo hayo ni kwamba wasianze mazungumzo na Wamarekani. Ikumbukwe kwamba majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana uso kwa uso katika vita vya Korea, na kwa zaidi ya miaka ishirini hazikuwa na ubalozi wala salamu.

Tarehe 4 Aprili, kijana mmoja wa Kimarekani, Glenn Cowan, mwenye nywele ndefu, alichelewa mazoezini na kuachwa na basi la timu yake. Akapanda la Wachina. Mlango ukafungwa, basi likaondoka, na humo ndani hapana aliyefungua kinywa. Zhuang alikuwa ameketi nyuma. Kwa muda wa kama dakika kumi alibishana na moyo wake. Agizo alilijua. Lakini alijua pia kwamba Wachina hujivunia adabu yao kwa mgeni, na alikumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka uliopita Mao Zedong alikuwa amempokea mwandishi wa Kimarekani, Edgar Snow. Aliposimama, wenzake walijaribu kumzuia. Hakusikia. Akamwendea yule kijana, akamsalimu kupitia kwa mkalimani, akampa zawadi ya kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Cowan alipekua mkoba wake asikute ila kitana, naye akaona haya kutoa kitana kwa kulipa hariri. Alipata fulana ya kumpa siku iliyofuata.

Mtu asidhani kwamba Zhuang alikuwa mkaidi wa amri. Katika mashindano hayo hayo alikataa kucheza na Mkambodia kwa sababu aliwakilisha serikali ya Lon Nol, ambayo China haikuitambua, akapoteza nafasi yake ya kugombea ubingwa kwa mara ya nne. Mtu huyo huyo, wiki hiyo hiyo!

Basi liliposimama wapiga picha walikuwa wanangoja. Wizara ya Mambo ya Nje ya China ilikwisha shauri Wamarekani wasialikwe, lakini Mao aligeuza uamuzi huo usiku wa manane, na tarehe 10 Aprili timu ya Marekani ilivuka mpaka kutoka Hong Kong. Oktoba mwaka huo China ilirejeshewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwa miongoni mwa nchi zilizoipigia kura. Februari 1972 Rais Nixon alikwenda Beijing, na miezi miwili baadaye Zhuang aliiongoza timu ya China kuzuru Marekani.

Sifa ilimpandisha kuliko inavyofaa mchezaji. Aliingizwa katika Kamati Kuu ya Chama mwaka 1973, kisha akapewa kusimamia michezo ya nchi nzima. Alikuwa amejiweka karibu na Jiang Qing, mke wa Mao, na wakati wake wenzake wa zamani walionewa, jambo alilokuja kulijutia. Mao alipofariki mwaka 1976, Jiang Qing na kundi lake walikamatwa, na Zhuang akawekwa kizuizini hadi 1980. Alipoachiwa alipelekwa Taiyuan, mkoa wa Shanxi, kufundisha mpira wa meza. Ndoa yake na mpiga piano Bao Huiqiao ikavunjika.

Alirudi Beijing mwaka 1985 akawafundisha watoto, na miaka miwili baadaye akamwoa Sasaki Atsuko, Mjapani aliyekubali kuuacha uraia wa nchi yake ili waoane. Cowan alifariki mwaka 2004 bila wao kuonana tena kwa miaka mingi. Zhuang aliuguzwa na Sasaki katika maradhi ya saratani hadi alipofariki Februari 2013, akiwa na umri wa miaka 72.